Saa 48 na Daftari la Kaunta
Hotuba kwa viongozi wa LC (mabaraza ya mitaa), wasaidizi wa kisheria, wafanyabiashara wa mpakani na waendesha bodaboda, Busia, Uganda

Mwenyekiti wa mkutano, ma-afande mliokubali mwaliko, viongozi wa vijiji, mama zetu wa sokoni, vijana wa stendi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu imani ya wananchi kwa polisi. Mada hii huwa inapewa maneno makubwa: maadili, uzalendo, ushirikiano na jamii. Maneno hayo nitawaachia wengine. Nataka twende hadi kwenye kaunta ya kituo, pale penye lile daftari kubwa, kwa sababu imani hiyo hupatikana au hupotea pale. Mwananchi akidhulumiwa na askari, sheria za Uganda ziko upande wake kuliko anavyodhani. Kinachomwangusha ni kukosa karatasi: hana namba ya ripoti, hajui jina la aliyemkamata, jeraha lake halikuandikwa na daktari lilipokuwa bichi. Na afande mwadilifu naye, siku akisingiziwa, kinachomwokoa ni karatasi hizo hizo.

Wazee mliomo humu mnaikumbuka panda gari ya miaka ya 1980. Lori linasimama, watu wanapakiwa, jina la mtu haliandikwi popote. Ukienda kambini kuuliza, unaambiwa hatuna mtu huyo. Si ajabu basi kwamba Katiba ya 1995 ililishughulikia jambo la kukamatwa kwa undani namna ile. Ibara ya 23 ni ndefu, na kila kipande chake kinajibu udhalimu fulani uliowahi kutendeka nchini.

Inasema hivi. Mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe kwamba ana haki ya wakili. Awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria tu. Kwa hiyo nyumba za siri hazina uhalali wowote, hata zikipewa jina gani. Ndugu wa karibu ajulishwe anapoomba, na jamaa, wakili na daktari waruhusiwe kumfikia. Na afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 48 tangu alipokamatwa.

Saa hizo 48 ndizo zinazochezewa kuliko kitu kingine, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Zinaanza kuhesabiwa mkono wa afande unapomshika mtu. Hazingoji afike kituoni, wala hazingoji faili lifunguliwe. Mtu akikamatwa hapa Busia Ijumaa saa kumi jioni, saa zake zinaisha Jumapili saa kumi jioni. Katiba haikuondoa Jumamosi wala Jumapili, wala sikukuu. Lakini mahakama Jumapili imefungwa, na kila mtu anajua. Ndiyo maana kuna ukamataji wa Ijumaa jioni unaopendwa sana na mtu aliye na ugomvi wa deni au wa shamba: anazungumza na afande, adui yake analala selo siku tatu, Jumatatu asubuhi anaachiwa bila shitaka. Hakuna kesi iliyokuwepo. Adhabu ilikuwa selo yenyewe.

Dawa yake kisheria ni bondi ya polisi. Ikiwa mahakama haifikiki ndani ya muda, mshukiwa atoke kwa bondi na arudi siku aliyopangiwa. Bondi ni bure. Vituo vingi vimebandika tangazo hilo ukutani, na mara nyingine pesa inaombwa mtu akiwa ameliegemea tangazo lenyewe. Bondi ni fomu: ina jina la mshukiwa, kosa analoshukiwa, jina la mdhamini na siku ya kurudi. Mdhamini anatia sahihi, hatoi shilingi. Pesa halali hulipwa mahakamani tu, kwenye dhamana anayotoa hakimu, na hiyo inapita benki, ina risiti, na inarudishwa kesi ikiisha kama mshitakiwa hakukimbia. Anayekuomba pesa kaunta akakwambia ni ya bondi, mwombe risiti, kwa upole. Ombi la risiti peke yake limewahi kubadilisha mazungumzo mengi.

Bondi nayo ina mtego wake. Mtu anaripoti kila wiki, miezi inapita, faili haliendi popote, na kila anaporipoti anatoa kitu kidogo. Hapo usiendelee kwenda kituoni peke yako kama mtu anayelipa kodi ya nyumba. Nenda ofisi ya mwanasheria wa serikali wa eneo, yule wa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashitaka, uulize kama faili lenye namba yako limewahi kufika kwake. Ibara ya 120 ya Katiba inampa Mkurugenzi wa Mashitaka mamlaka ya kuwaelekeza polisi wachunguze, na yeye ndiye anayeamua shitaka liende au lisiende. Mara nyingi utagundua faili halijawahi kutoka kwenye droo ya mpelelezi.

Namba, basi. Ziko mbili, na watu wanazichanganya. Ukiripoti jambo kaunta, linaandikwa kwenye kitabu cha SD, yaani kumbukumbu ya matukio ya kituo. Unapewa namba ya SD yenye tarehe. Hiyo inathibitisha jambo moja tu: kwamba ulifika ukasema. Jambo likionekana ni kosa la jinai na uchunguzi ukaanza, linapewa namba ya CRB, yaani kitabu cha makosa ya jinai, na hapo ndipo faili linapozaliwa. Wananchi wengi wanaondoka na namba ya SD kwenye kipande cha karatasi, wanakaa miezi wakingoja, hawajui kwamba hakuna CRB iliyofunguliwa, kwa hiyo hakuna mpelelezi aliyepangiwa kazi yao. Uliza waziwazi: afande, hii imefunguliwa CRB? Namba yake ngapi? Mpelelezi ni nani? Andika majibu matatu hayo na tarehe uliyojibiwa.

Kuna kitabu cha tatu ambacho wenyeviti wa LC mnapaswa kukijua: rejista ya mahabusu. Kila anayeingia selo anaandikwa jina, saa ya kuingia, kosa, vitu alivyokuwa navyo mfukoni, na hali yake ya mwili. Rejista hiyo ikijazwa vizuri, mambo mawili hayawezekani. La kwanza ni kusema mtu hayuko huku yuko. La pili ni kusema alikuja akiwa amevunjika mkono wakati aliingia mzima. Kwa hiyo pale mwenyekiti anapomsindikiza kijana wake kituoni, kazi yake kubwa ni kusimama pale hadi jina liandikwe, na aangalie kwamba saa iliyoandikwa ni saa ya kweli. Saa ya kuingia ikisogezwa mbele nusu siku, zile saa 48 zimeshanyooshwa bila mtu kujua.

Mtu akichukuliwa barabarani, namna ya kuanza ni nyingine. Gari la polisi, kabangali, lina namba inayoanza na UP. Askari mwenye sare ana jina kifuani na namba yake ya utumishi. Vinapokosekana vyote viwili, watu wamevaa kiraia na gari ni lile la aina ya Toyota Hiace ambalo Waganda wamelipa jina la drone, halina namba au lina namba isiyosomeka, basi anayeshuhudia aandike ndani ya saa ya kwanza: saa ngapi, mahali gani hasa, rangi ya gari, lilielekea upande gani, walikuwa wangapi, walivaa nini, walisema nini, walizungumza lugha gani, na nani mwingine aliona. Kumbukumbu ya mtu hubadilika haraka baada ya kusimulia mara tatu. Maandishi ya saa ya kwanza hayabadiliki, na wakili atayahitaji kuomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe yeye mwenyewe mbele ya jaji. Haki hiyo ya kuletwa mbele ya jaji imetajwa katika Ibara ya 44 kati ya haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote, hata nchi ikiwa vitani. Nyingine ni kutoteswa, kutofanywa mtumwa, na kusikilizwa kwa haki.

Watoto wana hesabu yao. Sheria ya Watoto inasema mtoto asiyepewa bondi asikae polisi zaidi ya saa 24, mzazi ajulishwe, na asichanganywe na watu wazima. Na rafiki zetu wa upande wa pili wa mpaka, Mkenya anayekamatwa huku ana haki zote nilizotaja, pamoja na haki ya ubalozi wake kuarifiwa akitaka.

Vijana wa bodaboda, ninyi mna mambo mawili ya haraka. Makosa ya barabarani yanayolipiwa faini ya papo hapo yana tiketi, na tiketi hulipwa kwa benki au kwa simu. Haiishii mkononi mwa afande. La pili: kwa miaka mingi mlikuwa mkibebwa usiku kwa kosa la uzururaji. Tarehe 2 Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ilifuta vile vipengele vya kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu vilivyokuwa vikiruhusu mtu kukamatwa kwa sababu tu hana kazi inayoonekana au amekutwa mahali saa ambayo afande haielewi. Ukiambiwa leo kosa lako ni kutembea ovyo, uliza kwa heshima limeandikwa wapi. Usibishane usiku barabarani na mtu mwenye bunduki. Uliza, kumbuka jina lake, na jambo likamilike kituoni.

Sasa maelezo ya mshukiwa, maana kesi nyingi huharibika hapo, na huharibika kwa pande zote mbili. Kukiri kosa mbele ya polisi hakukubaliki mahakamani isipokuwa kumeandikwa na afisa wa cheo cha Mkaguzi Msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Konstebo akikuandikisha kwamba umekiri, karatasi hiyo haifiki mbali. Maelezo yaandikwe kwa lugha uliyozungumza, kisha yatafsiriwe kwa Kiingereza. Hapa kwetu mtu anaweza kuwa anaongea Kisamia au Kiteso, afande anamuuliza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza. Katikati hapo “nilimsukuma” inageuka “nilimshambulia”. Kataa kutia sahihi karatasi tupu. Dai usomewe kwa lugha yako. Tia sahihi kila ukurasa, na piga mstari kwenye nafasi iliyobaki wazi chini ya neno la mwisho, ili lisiongezwe jingine.

Ma-afande, naomba mnivumilie kwa hili linalofuata, kwa sababu lina faida kwenu kuliko mnavyofikiri. Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Mateso ya mwaka 2012 inamwadhibu anayetesa kwa kifungo cha hadi miaka 15, au faini ya pointi 360, ambayo kwa shilingi 20,000 kila pointi ni shilingi 7,200,000, au vyote viwili. Mateso yenye uzito zaidi ni kifungo cha maisha. Kusema mkubwa wangu aliniamuru si utetezi. Na jedwali la sheria hiyo linataja mambo ambayo baadhi yenu mlifundishwa na waliowatangulia kwamba ni kazi ya kawaida: kupiga kwa mfululizo, kunyima chakula, umeme, kuchoma kwa sigara, kufunga mtu katika mkao wa maumivu. Kandoya, ile ya kumfunga mtu mikono kwa nyuma, imo humo hata kama jina lake halikuandikwa.

Halafu ikaja Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, ambayo ina meno mawili. La kwanza, afisa wa umma anawajibika yeye binafsi, kwa mfuko wake. Zamani mtu akiteswa, Mwanasheria Mkuu ndiye aliyeshitakiwa, serikali ndiyo iliyoamriwa kulipa fidia, na fidia hiyo ilikaa miaka bila kulipwa. Aliyepiga alikuwa ameshapandishwa cheo, na mlipa kodi ndiye aliyelipia kiboko. Jino la pili: mahakama ikiona kwamba haki zile zisizopunguzwa za mshitakiwa zilivunjwa, kesi nzima inabatilika na mshitakiwa anaachiwa huru. Kwa maneno mengine, mnaweza kumkamata mwizi wa kweli, mkawa na ng'ombe wa wizi uani, na akaenda nyumbani kwa sababu mtu mmoja alishindwa kuzuia mkono wake. Wananchi watasema polisi wamekula rushwa. Hawatajua kilichotokea selo.

Aliyeumizwa afanye nini? Awahi daktari. Fomu ya polisi namba 3 ni ya mtu aliyedai kujeruhiwa, 3A ni ya aliyefanyiwa ukatili wa kingono, na fomu 24 ni ya kumpima mshukiwa. Zote hazilipiwi. Mtu aliyepigwa na polisi mara nyingi ananyimwa fomu na kituo kile kile kilichompiga, na hapo wengi hukata tamaa. Msikate. Nenda kituo kingine, au nenda moja kwa moja hospitali ya serikali, daktari aandike kwenye kitabu chako na kwenye rekodi za hospitali. Daktari anaweza kuja mahakamani kueleza alichokiona hata fomu isipokuwepo.

Daktari akiandika “mgonjwa amepigwa” hajaandika kitu. Anatakiwa aandike jeraha liko wapi, lina urefu na upana wa sentimita ngapi, rangi gani, umbo gani. Mistari miwili sambamba yenye nafasi nyeupe katikati, kwa mfano, ni alama inayoachwa na fimbo au waya. Kisha aseme kama jeraha linaafikiana na maelezo ya mgonjwa, na kwa kiwango gani. Mwongozo wa kimataifa uitwao Itifaki ya Istanbul una ngazi zake: haliafikiani, linaafikiana, linaafikiana sana, ni la kawaida kwa mateso ya aina hiyo, na mwisho kabisa, haliwezi kutokana na kitu kingine. Neno moja kati ya hayo lina uzito mahakamani kuliko kurasa tano za malalamiko.

Piga picha mapema, na urudie siku ya pili na ya tatu, kwa sababu uvimbe wa ndani hujitokeza rangi baadaye. Picha moja ya mbali inayoonyesha uso na jeraha pamoja, ili isisemwe ni mguu wa mtu mwingine. Nyingine ya karibu, rula au sarafu ikiwa kando ya jeraha, ili ukubwa ujulikane. Usizitie vichujio, usiandike juu yake. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zikaushwe kivulini ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana za plastiki zinaozesha. Kipigo cha nyayo huacha alama kidogo nje, kwa hiyo mwambie daktari mahali panapouma hata kama hapaonekani. Kituo cha Afrika cha Tiba na Urekebishaji wa Waathiriwa wa Mateso, ACTV, kilichoanzishwa 1993, kina madaktari waliozoea kazi hii.

Mlango wa kupeleka lalamiko unategemea unachotaka. Ukitaka afande aadhibiwe kazini, andika kwa kamanda wa polisi wa wilaya na upeleke nakala kwenye kitengo cha PSU, kinachosimamia nidhamu ndani ya polisi. Wao wanaweza kumfikisha kwenye mahakama ya nidhamu, akaonywa, akakatwa mshahara, akashushwa cheo, au akafukuzwa. Hawana uwezo wa kukulipa fidia. Ukitaka fidia, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina baraza lake lenye uwezo wa kuamuru fidia na hata kuamuru mtu aliye kizuizini aachiwe. Lalamiko halilipiwi, ila lifike ndani ya miaka mitano, na Tume haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Ukitaka rushwa ichunguzwe, nenda kwa IGG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ukitaka kuishitaki serikali kwa madhara uliyopata, kumbuka mlango huo unafungwa baada ya miaka miwili. Watu wanapoteza miaka miwili hiyo wakifuatana na PSU, wakidhani wako kwenye kesi.

Lalamiko lenyewe liwe ukurasa mmoja. Nani, lini, wapi, alifanya nini, nani aliona, unataka nini. Weka nakala mbili. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokewa yenye tarehe. Bila muhuri huo, baada ya mwaka mmoja utaambiwa hatukuwahi kuona barua yako, na pengine kweli hawakuiona.

Malalamiko mengi hufia njiani, na vifo vyake tunavijua. Mlalamikaji anaitwa pembeni, anapewa pesa ya hospitali, anaandika barua ya kuondoa lalamiko. Au afande anahamishwa Karamoja, na kituo kinasema jambo limeshughulikiwa. Uhamisho si adhabu, jamani. Ni kumpelekea mtu wa Moroto, kule Karamoja, tatizo la Busia, na nashangaa tumekubali kwa muda gani kuuita hatua za kinidhamu. Au kosa la jinai linageuzwa kuwa kosa la nidhamu: mtu amevunjwa taya, hukumu ni kuonywa kwa mwenendo usiofaa. Mashitaka ya nidhamu hayazuii kesi ya jinai. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, na mlalamikaji ana haki ya kuuliza kwa nini kimoja kimeachwa.

Lakini lililo kubwa ni hili: polisi wanaojichunguza ni watu wanaokula meza moja. Mpelelezi wa PSU kesho anaweza kuwa chini ya kamanda anayemchunguza leo. Tume ya Jaji Julia Sebutinde, iliyoundwa 1999 kuchunguza rushwa ndani ya polisi, iliyasikia mambo mengi tunayolalamikia leo. Tangu wakati huo wamepita ma-IGP, yaani wakuu wa polisi: Katumba Wamala, Kayihura kuanzia 2005 hadi 2018, Ochola, na tangu 2024 Byakagaba. Kila mmoja alikuja na ahadi ya kusafisha. Mwaka 2018 kituo cha Nalufenya, Jinja, kilichokuwa kimetajwa kwa mateso hadi picha za majeraha zikaonekana nchi nzima, kilirudishwa kuwa kituo cha kawaida. Ilikuwa hatua nzuri. Hata hivyo kufunga jengo ni rahisi kuliko kumfikisha mtu kizimbani.

Angalieni Novemba 2020. Baada ya Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, kukamatwa Luuka, watu waliuawa kwa siku mbili. Idadi iliyotolewa na serikali yenyewe ni 54. Kila bunduki ya serikali hutoka kwenye ghala kwa kuandikwa: namba ya bunduki, idadi ya risasi, jina la aliyeichukua, saa aliyoirudisha. Mwaka 2018 Rais aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama za risasi zake ili ijulikane risasi imetoka wapi. Vifaa vya kujibu swali la nani alifyatua vipo, basi. Siku zile walikuwepo polisi, wanajeshi, na watu waliovaa kiraia wenye bunduki, na mchanganyiko huo ndio unaofanya kila upande uuelekeze upande mwingine. Familia nyingi hazijamwona hata askari mmoja kizimbani.

Kenya, hapo mbele ya geti, wana IPOA, mamlaka ya kusimamia mwenendo wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo haiko chini ya polisi. Haikumaliza matatizo yao. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao waliuawa Juni 2016, mteja huyo akiwa amemlalamikia polisi huko IPOA. Ila Julai 2022 polisi watatu na mtoa habari wao walipatikana na hatia ya mauaji hayo. Tunajifunza mambo mawili kwa jirani: chombo huru kinawezekana, na chombo hicho bila ulinzi wa mlalamikaji ni hatari kwa mlalamikaji. Uganda hatuna chombo cha namna hiyo. Ibara ya 214 ya Katiba yetu inalikabidhi Bunge kazi ya kutunga sheria za kuendesha polisi, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja Katiba ibadilishwe. Muulizeni mbunge wenu anapokuja kuomba kura, na msikubali jibu la kwamba PSU ipo.

Na ma-afande wenyewe tusiwasahau. Anayelala na mke na watoto kwenye kile kibanda cha bati, mama ingia pole, ambacho mtu mzima anainama kuingia, na kesho asubuhi anaambiwa akachunguze wizi kilomita 15 bila mafuta wala karatasi ya kuandikia maelezo, atamwomba mlalamikaji mafuta. Mlalamikaji akitoa mafuta, faili limeshakuwa lake. Mshukiwa akitoa zaidi, limeshakuwa la mshukiwa. Kwa hiyo wanaotaka polisi wasiombe mafuta waulize bajeti ya wilaya inafika kituoni kiasi gani, na inakwama wapi. Swali hilo lina wenye kulijibu, na hawakai kaunta.

Wasaidizi wa kisheria wamebeba nakala za mfano wa lalamiko la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, chukueni mkitoka. Tuna nusu saa ya maswali. Ulizeni kwa jumla tu. Mwenye kesi inayoendelea asitaje jina lake wala la mtu yeyote hapa mbele ya watu. Asubiri, aketi na wakili kule kwenye chumba cha nyuma, na alete karatasi zote alizonazo, hata zile anazodhani hazina maana.